Mwandishi Mjerumani anayetafsiri hanakili tu

Wengi huamini kwamba mwandishi Mjerumani anapotafsiri kitabu cha mwenzake, ananakili tu, na tafsiri hubaki mali ya mwandishi wa asili. Dhana hiyo inaeleweka, maana jina la mtafsiri mara nyingi halipo kwenye jalada.

Sheria ya hakimiliki ya Ujerumani ya mwaka 1965 huilinda tafsiri kama kazi inayojitegemea, hadi miaka 70 baada ya mtafsiri kufariki. Kwa hiyo kitabu cha kale ambacho hakimiliki yake imekwisha kinaweza kuwa na tafsiri ambayo bado inalindwa, jambo linalosahaulika mno.

Ili kumjua mtafsiri, fungua kurasa za mwanzo za kitabu kilichotafsiriwa kwa Kijerumani, utafute “Aus dem Englischen von”, yaani “kimetafsiriwa kutoka Kiingereza na”. Jina linalofuata litafute katika katalogi ya maktaba: vitabu alivyotunga na alivyotafsiri huorodheshwa pamoja.