Kabla ya kumtupa mtu, jifunze kuanguka

Wanaokuja kuulizia mafunzo ya judo wengi wao hutanguliza swali moja: mkanda mweusi unachukua muda gani? Huwa nawajibu kwamba kwa wiki kadhaa hawatamwangusha mtu. Wataanguka wao. Wengine hucheka, wakidhani natania.

Mafunzo hayo ya kuanguka huitwa ukemi. Kodokan, makao makuu ya judo kule Tokyo, inatambua mbinu 68 za kutupa, lakini ukiniuliza ni kipi kinachombadilisha mtu zaidi, nitakutajia ukemi.

Tuanze na kuanguka chali. Unachuchumaa, mikono umeinyoosha mbele, kidevu umekibana kifuani, macho yanatazama fundo la mkanda wako. Unajiachia nyuma, mgongo unaviringika kutoka makalioni kupanda juu. Mabega yanapokaribia tatami, yaani mikeka ya mazoezi, mikono yote miwili inapiga chini kwa pamoja, viganja vikielekea chini, si mbali sana na mbavu. Pumzi unaitoa. Kiwiko hakitangulii, na kisogo hakigusi chini kamwe.

Kwa maneno ni rahisi. Mtu mzima, lakini, ameishi miaka yote akijizuia asianguke, kwa hiyo mkono unakimbilia nyuma kujikinga kabla hajajua. Hapo ndipo kifundo kinapoteguka. Watoto hawana shida hiyo. Wanaotaabika zaidi ni watu waliozoea kutoa amri kazini: wanakakamaa, wanashika pumzi, wananitazama kama nimewadhulumu. Siku wanapolegea, mtu anaanguka kwa kishindo, anainuka, anajiweka sawa koti na kuomba tena, bila kutazama kando kuona nani kamwona. Sijui hotuba inayoweza kumfikisha mtu hapo.

Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, aliijua njia hii kwa mwili wake. Alikuwa kijana mwenye umbo dogo, akionewa shuleni, ndipo akatafuta walimu wa jujutsu, mapigano ya jadi ya Kijapani. Mwalimu wake wa kwanza, Fukuda Hachinosuke, hakuwa mtu wa maelezo. Kano alipomuuliza mbinu fulani inafanywaje, alitupwa. Akauliza tena, akatupwa tena. Mwaka 1882, akiwa na miaka 21, alifungua Kodokan katika hekalu la Eishoji, Tokyo, kwenye ukumbi wa tatami 12, na wanafunzi 9. Yeye aliamua kueleza. Aliugawa mtupo katika hatua tatu: kumvunjia mwenzako mizani, kujiweka mahali panapofaa, kisha kutupa. Mbinu za hatari aliziondoa kwenye randori, yaani mapambano huru ya mazoezi, akazihifadhi kwenye kata, yaani mazoezi ya wawili yaliyopangwa hatua kwa hatua.

Uamuzi huo una uzito kuliko unavyoonekana. Kwa kuwa hakuna ngumi wala teke, wawili wanaweza kushindana kwa nguvu zote jioni, na kesho yake kila mmoja akaenda kazini. Kwenye kata mwenzako anajua utafanya nini na anakubali. Kwenye randori hakubali hata kidogo. Unavuta, naye anasukuma. Unapanga mtupo wako mzuri, kumbe amekwishakupiga mtama. Hasira zako, haraka zako na tabia yako ya kulazimisha mambo vinaonekana hadharani ndani ya dakika chache, na hakuna wa kumlaumu.

Mwaka 1922 Kano alitangaza misingi miwili: seiryoku zenyo, kutumia nguvu kwa namna bora kabisa, na jita kyoei, mimi na mwenzangu tustawi pamoja. Kumbi nyingi zimeibandika ukutani. Mimi nikitaka kuona jita kyoei, natazama mkono wa anayetupa. Mwenzake akiwa hewani, bado ameushika mkono wa koti la mwenzake huyo, na dakika ya mwisho anauvuta juu ili mwili utue ubavu na si kichwa. Anayeliachia koti hilo, hata akiwa na medali, bado hajaelewa.

Na mwenzako ndiye anayekukuza. Kano alipenda sana mtupo wa nyonga uitwao uki-goshi, mpaka mwanafunzi wake Saigo Shiro akajifunza kuuruka. Kano akaongeza mguu wa kufagia, ikazaliwa harai-goshi. Mwalimu asiyekubali kurukwa na mwanafunzi asingeivumbua.

Nisiwapambie: judo haimfanyi mtu kuwa mwema kwa kuinama tu mlangoni. Nimewaona wenye mikanda myeusi wanaowatupa wageni kama wanalipiza kisasi. Mikanda yenyewe isikupumbaze. Kano hakuwa na haja ya rangi nyingi, zile za manjano na kijani zilienea kutokea Ulaya.

Kabla ya kulipa ada, kaa pembeni siku moja utazame. Subiri mkongwe akutane na mgeni kwenye randori, uangalie kama naye anakubali kuangushwa. Ukiona wanaoanguka ni wageni peke yao, tafuta ukumbi mwingine. Ukipenda ulichokiona, kata kucha, vua pete, na uje na ndala zako, maana hatukanyagi tatami kwa miguu iliyotoka msalani.