Sashe nyeusi kwenye grili za Ruzizi

Nikiulizwa kama sashe za plastiki zipigwe marufuku, jibu langu linaanzia kwenye grili, zile nondo zinazozuia takataka zisiingie kwenye mashine, za bwawa la umeme la Ruzizi I, hapa Bukavu. Mimi ni fundi wa maji, na mji huu naujua zaidi kwa mifereji yake kuliko kwa barabara.

Bukavu imekaa juu ya miteremko. Sashe ikidondoka sokoni Kadutu, mvua moja nzito inaitelemsha mferejini, inaingia mto Kawa, kisha ziwani. Polietilini, plastiki ya sashe hizi, ni nyepesi kuliko maji, basi inaelea tu na kufuata mkondo. Na Ziwa Kivu lina mlango mmoja wa kutokea: Ruzizi, hapa kwetu.

Kijiti kikifika kwenye grili, maji yanapita pembeni yake. Sashe inajibandika kama kitambaa kilicholowa. Nyingine inalala juu yake, majani yanaziba palipobaki. Upande wa turbini maji yanapungua, nguvu inashuka, mashine inazimwa, wapiga mbizi wanaingia. Sisi nyumbani tunawasha mshumaa na kusema wamekata tena.

Sheria ipo. Amri ya serikali yetu ya Kongo ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe. Rwanda ilikataza tangu 2008, na kila mama anayevuka mpaka anajua: nyanya zinahamia kitungani, sashe inabaki upande huu.

Wanaopinga marufuku wana hoja moja ninayoiheshimu. Wakala wa mazingira wa Uingereza ulichapisha mwaka 2011 kwamba mfuko wa pamba utumike mara 131 ndipo madhara yake kwa tabianchi yalingane na ya sashe nyepesi iliyotumika mara moja. Sawa. Ila hesabu hiyo haikupima mifereji, na miaka yote hii sijatoa mfuko wa pamba hata mmoja kwenye mfereji.

Kinachonikwamisha ni sashe ndogo, ile nyeupe isiyo na mikono. Jirani yangu muuza mafuta aliniambia: "Papa, unipatie basi kitu ya kufungia mafuta ya franga mia tano." Nikamwonyesha chupa. Akacheka. "Mtu anatoka kazi, chupa ataitosha wapi?"

Kwa hiyo mimi ningeanza na ile nyeusi yenye mikono, tena kwenye maghala ya wauzaji wa jumla, kabla ya kugusa kibanda chake.