Dramu zisizokaa kwenye mstari: albamu ya kwanza ya Iceage

Siku moja niliichukua New Brigade, albamu ya kwanza ya Iceage, bendi ya Copenhagen, mji mkuu wa Denmaki, nikaiingiza kwenye programu ninayotumia kuchanganyia nyimbo za wateja wangu. Nilitaka kuupima mwendo wake. Programu ile huchora mistari ya biti, na nyimbo nyingi za siku hizi ukiziweka pale kila pigo la dramu linaangukia kwenye mstari wake, kama tofali juu ya tofali. Hii ilikataa. Niliupanga mwanzo wa wimbo "White Rune" ukae sawa, na muda si muda dramu zikawa zimeitangulia mistari. Nikisogeza, zinabaki nyuma. Mwishowe nikafunga programu, nikaongeza sauti, nikasikiliza.

Kwa asiyeijua panki ya hadikoo: ilizaliwa Marekani karibu na mwaka 1980, vijana walipoichukua panki, yaani roki ya mbio na ghadhabu, wakaikaza. Mwendo ukawa wa mbio zaidi, wimbo ukafupishwa, mwimbaji akawa anapaza sauti kuliko anavyoimba. Dramu ya mguuni na ile ndogo ya mkononi hupokezana upesi, gita halipumziki hata kidogo. New Brigade ina vipande 12 na yote inaisha katika dakika 24 hivi. Wapo mashabiki wa hadikoo wanaosema hii si hadikoo, maana gita lina ubaridi na mwangwi wa posti-panki, muziki uliochipuka kutoka kwa panki. Kwa sikio langu magita yametoka kwingine, ila miguu inayokimbia ni ya hadikoo.

Wenyewe walikuwa wanne: Elias Bender Rønnenfelt mwimbaji na mpiga gita, Johan Wieth gita, Jakob Tvilling Pless besi, Dan Kjær Nielsen dramu. Walianza mwaka 2008 wakiwa vijana wadogo kabisa, na albamu ikatoka Denmaki Januari 2011, kisha Marekani mwaka huohuo kupitia lebo ya What's Your Rupture?. Wanaimba kwa Kiingereza.

Mji waliokulia una habari yake. Mtaa wa Nørrebro, barabara ya Jagtvej namba 69, palikuwa na jumba lililojengwa na vyama vya wafanyakazi mwaka 1897. Humo ndimo wanawake wa kisoshalisti walipokutana mwaka 1910, Mjerumani Clara Zetkin akiwa miongoni mwao, na likatoka azimio la kuwa na siku ya wanawake duniani. Mwaka 1982 manispaa iliwakabidhi vijana jumba lile. Likaitwa Ungdomshuset, yaani Nyumba ya Vijana, na kwa miaka 25 bendi za panki zikapiga humo. Baadaye liliuzwa. Machi 1, 2007 polisi waliwatoa vijana, baadhi ya polisi hao wakishuka kwa helikopta juu ya paa. Ghasia zikawaka mitaani, mamia wakakamatwa, na siku chache baadaye jumba likabomolewa. Iceage walianza mwaka uliofuata. Siwezi kuisikiliza sauti ile nikasahau kwamba ni ya watoto wa mji ambao ulikuwa umetoka tu kuwaka moto kwa ajili ya ukumbi wa muziki.

Sasa nirudi kwenye dramu, kwani ndizo zilizonifanya niandike. Watu wanne wakipiga pamoja kwa mbio bila mlio wa kuwaongoza masikioni, huvutana. Mpiga dramu akiona sauti ya mwimbaji inakuja, mkono unamtangulia. Magita yanamfuata kwa kuchelewa kidogo mno, na ule mwanya mdogo ndio mwili unaousikia kama msukumo. Wakifika mahali pa kugeuza wimbo, wote wanayumba, halafu wanatua pamoja. Ukiunyoosha mwendo huo kwa kompyuta, mwanya unazibika na msukumo unaondoka nao. Ninalijua hilo kwa sababu nimelifanya. Vijana fulani walikuja kurekodi kwangu, nikawanyooshea kila pigo usiku kucha nikidhani nawasaidia. Waliposikiliza asubuhi walinyamaza, kisha mmoja akasema, "Kaka, hawa si sisi." Nilikuwa nimeihifadhi rekodi ya awali. Tukairudia hiyohiyo.

Jambo la pili ni sauti ya Rønnenfelt. Maneno ya binadamu na gita lililokwaruzwa hugombania eneo moja, takriban kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 1,000 na 4,000, ambako pia masikio yetu yana ukali. Kawaida sisi mafundi hulipunguza gita pale ili mwimbaji apate kiti chake. Humu hajaandaliwa kiti. Amezama hadi shingoni, anatokeza neno moja, anamezwa, anatokeza tena. Kuna waliolalamika kwamba hawasikii mashairi. Mimi nasikia mtu anayepigania nafasi, na nafasi hiyo ingeandaliwa mapema pasingekuwa na pambano lolote la kusikiliza.

Lipo pia suala la alama na michoro ya bendi, ambayo iliwafanya waandishi kuwauliza kama wana mwelekeo wa kifashisti. Walikana. Nadhani walistahili kuulizwa, kwani alama haziokotwi ovyo, hasa Ulaya.

Ukitaka kuanza, usianze na kipande cha kwanza. Hicho ni kelele za kufungulia mlango tu. Anza na "Broken Bone", ambao unashikika upesi, kisha urudi mwanzo uende mpaka "You're Blessed", wa mwisho. Pale magita yanaachia melodia iliyo wazi kuliko zote zilizotangulia, na dramu bado zinatangulia, zinakimbilia mwisho wa santuri kana kwamba kuna mtu nje anagonga awatoe ukumbini.