"Ni Uzee Tu" na Uongo Mwingine wa Baada ya Miaka Hamsini

Siku niliyojua kwamba nimezeeka haikuwa siku yangu ya kuzaliwa. Nilikuwa nimeshika bomba ndani ya daladala ya Mbagala, nimebanwa kama dagaa, kijana mmoja mwenye ndevu kunizidi akainuka na kusema, "Shikamoo mzee, kaa hapa." Nikageuka kumtafuta huyo mzee. Nyuma yangu palikuwa na dirisha tu, na kwenye kioo chake nikamwona.

Nina miaka 54. Tangu siku ile kila ninacholalamikia kina jibu moja: ni uzee tu. Kiuno, uzee. Kusahau funguo, uzee. Na hawaishii hapo. Kila mtu ana maelezo yake, na dawa, na habari za mjomba wake aliyepona. Nimeyasikiliza sana. Mengi ni uongo mtupu, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba ukweli wenyewe unachekesha kuliko huo uongo.

"Usivae miwani mapema, macho yatadeka"

Hii niliiamini miaka miwili mizima. Nilisoma meseji kwa kunyoosha mkono, na mkono ulipoisha urefu nikawa naegemeza simu dirishani na kurudi nyuma hatua moja. Siku niliyotuma pesa kwa namba yenye 8 badala ya 6, mwenye 8 alipokea, hakusema hata ahsante, akazima simu.

Ukweli ni kwamba ndani ya jicho kuna lenzi inayobadili umbo ili uone karibu, na lenzi hiyo inakakamaa taratibu tangu ujana. Ukipita miaka 40 hivi unaanza kuiona kazi yake. Inakakamaa ukivaa miwani, inakakamaa usipovaa. Namba ya miwani inapanda kwa sababu lenzi inaendelea kuwa ngumu, si kwa sababu jicho limedekezwa. Kukataa miwani hakuokoi kitu, labda fedha ya miwani, ambayo mimi nimeshampa yule mwenye 8.

"Ukiing'oa mvi moja, zinaota mbili"

Kitundu kimoja cha nywele hakiwezi kuitisha kikao na jirani zake. Unywele umekuwa mweupe kwa sababu chembe zinazoutia rangi zimeacha kazi kwenye kitundu hicho. Ukiung'oa, unarudi mmoja uleule, mweupe vilevile. Hatari ipo upande mwingine: ukizidi kung'oa, unaweza kukiharibu kitundu kisiote tena. Mke wangu alining'oa mvi za utosini jioni nyingi sana barazani, kwa mapenzi. Sasa utosini hakuna mvi. Hakuna na kingine.

"Masikio makubwa ni busara"

Hapa niwe mkweli: sehemu yake ni kweli. Si busara, ukubwa. Daktari mmoja wa Uingereza, James Heathcote, na wenzake waliwapima masikio wagonjwa 206 kwa rula, na mwaka 1995 jarida la kitabibu la BMJ likachapisha jibu: sikio huongezeka urefu kwa wastani wa milimita 0.22 kwa mwaka. Zidisha kwa miaka hamsini, umepata sentimita moja na ushee. Mwaka 2017 kazi hiyo ikapewa Ig Nobel, ile tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza kisha ukafikirisha. Kinyozi wangu hajui habari za tuzo, ila juzi alipomaliza kichwa aliniinamia na kuninong'oneza, "Mzee, na hizi za masikioni nazo nizipitishie mashine?" Nywele zinahama, ndugu zangu. Zilizoaga utosini zimepanga masikioni.

Ungedhani sikio likikua linasikia zaidi. Wapi! Usikivu ndio unaopungua, na haupungui wote kwa pamoja. Sauti nyembamba hutangulia kupotea: s, f, t, sh, pamoja na sauti za watoto na za wanawake wengi. Ngurumo ya lori unaisikia vizuri kabisa. Ndiyo maana ile dhana kwamba "babu anasikia anachotaka" ni uonevu. Babu anasikia kwamba unaongea. Maneno ndiyo yamemfikia yakiwa na matundu. Ukimpigia kelele unazidi kumchanganya. Msogelee, mtazame usoni, sema taratibu. Nilimweleza mke wangu haya yote kwa kirefu. Alinijibu kitu, lakini sikukipata vizuri.

"Baridi imeingia kwenye mifupa, usijisumbue"

Nikishuka kusujudu, goti langu linatoa mlio kama mtu anayevunja kuni. Safu nzima inajua nimefika chini. Jirani yangu msikitini aliniambia ni baridi yabisi, niswali kwenye kiti na niache kutembea kwenda sokoni.

Mlio peke yake, usio na maumivu wala uvimbe, mara nyingi hauna shida. Na kwa wale wanaogombeza vijana kwa kualika vidole: yupo daktari wa California, Donald Unger, aliyealika vidole vya mkono wa kushoto kila siku kwa miaka hamsini na kuuacha wa kulia upumzike, ili tu kuona kama mama yake alisema kweli. Mikono yote miwili ilibaki sawa, bila ugonjwa wa viungo. Naye alipata Ig Nobel, mwaka 2009. (Mtu mmoja si ushahidi mkubwa, lakini kwa ubishi nampa heshima yake.)

Goti linalouma ni habari nyingine, na hapo ushauri wa kukaa tu ndio unaowaponza wengi. Gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, halina mishipa ya damu. Chakula chake linakipata kwenye ute wa kiungo, na ute huo unaingia na kutoka pale kiungo kinapotumika, kama sponji inayokamuliwa. Goti lisilotembea linashinda na njaa. Misuli ya paja nayo ikilegea, mzigo wote unaliangukia. Kwa hiyo sokoni naenda, na kuni navunja msikitini.

"Hayo ya chooni hayasemwi"

Nayasema. Naamka mara mbili usiku, wakati mwingine tatu, nasimama pale gizani kama mlinzi, nasubiri. Kinatoka kidogo, kinasita, kinatoka. Dhana ya kijiweni kwetu ni mbili: ama ni saratani, ama ni malipo ya ujana. Tezi dume huvimba kwa wanaume wengi mno kadiri umri unavyokwenda, karibu nusu yao wakifika miaka ya hamsini na sitini, na uvimbe huo wa kawaida si saratani wala haugeuki kuwa saratani. Shida ni kwamba dalili zinafanana, na kisukari nacho kinaweza kukuamsha usiku, kwa hiyo kupimwa ni lazima. Kuna kipimo cha damu. Kuna na kile kingine, cha kidole. Nimefanyiwa. Kilichukua muda mfupi kuliko foleni ya kulipia kadi, na daktari aliangalia ukutani muda wote, mimi pia.

Akina mama wana ya kwao: chafya moja, au kicheko cha harusini, na khanga imelowa. Wanaambiana ndiyo gharama ya kuzaa, wavumilie. Si kweli. Misuli ya chini ya nyonga inafundishika kama misuli mingine. Mazoezi ya kuibana na kuiachia yalielezwa na daktari Mmarekani, Arnold Kegel, tangu 1948. Unaweza kuyafanya ukiwa umekaa kwenye kikoba na hakuna atakayejua.

"Kitambi ni mashine ya mwili imepoa"

Huu ndio uongo nilioupenda kuliko wote, na nimeuaga kwa majonzi. Mwaka 2021 jarida la Science lilitoa utafiti wa watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wachanga wa siku nane hadi wazee wa miaka 95. Ukishahesabu ukubwa wa mwili, matumizi ya nishati hayabadiliki kati ya miaka 20 na 60. Ndipo yanapoanza kushuka, polepole. Mmoja wa waliouongoza, Herman Pontzer, aliwahi kuwapima Wahadzabe wetu wa karibu na Ziwa Eyasi, watu wanaotembea porini kutwa nzima, akakuta kwa siku wanatumia nishati sawa na Wamarekani na Wazungu, ukizingatia uzito wao. Yaani hata kukimbia sana hakumalizi chapati kama tunavyojidanganya.

Basi mimi wa miaka 54, mashine yangu haijapoa. Nilikwenda kwa fundi cherehani kushona suruali ya harusi ya mpwa wangu. Akanizungushia futi kiunoni, akaandika, akanitazama, akazungusha tena.

"Mzee, mshono niuachie akiba?"

Nikamwambia aache vidole viwili. Akaacha vitatu.