Uzuri wa Ziwa Si Suala la Ladha Tu

Wiki hii nimeambiwa tena, na safari hii na msomi: "Mwalimu, uzuri wa mandhari hauna mjadala. Kipenda roho hula nyama mbichi." Imetosha sasa.

Twende mwaloni hapa Mwanza, magugu maji yakiwa yamechanua. Maua ni ya zambarau, na petali ya juu ina doa la njano lililozungukwa na samawati. Mgeni anapiga picha. Pembeni yake mvuvi amenyanyua injini, anachomoa mizizi iliyojisokota kwenye propela. Hapo mtasema kila mtu na ladha yake? Mvuvi anajua anachokitazama. Mmea huu asili yake ni Amerika Kusini, umeenea ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Unaziba mwanga, unapunguza oksijeni majini, unawahifadhi konokono wa kichocho.

Historia nitaipitia haraka. Mwanafalsafa Mjerumani Kant, mwaka 1790, aliuthamini sana uzuri wa asili. Baadaye wanafalsafa wakahamia kwenye sanaa, hadi mwenzao Ronald Hepburn alipowakemea mwaka 1966 kwa kuisahau asili. Kisha Allen Carlson wa Kanada akajenga hoja: mchoro huwezi kuuhukumu ipasavyo bila kujua ni wa aina gani, na asili ni vivyo hivyo, ila maarifa yake yanatoka kwenye sayansi.

Hapo ndipo watu wanaporukia: "Kwa hiyo asiyesoma biolojia haoni uzuri?" Hapana! Mwanafalsafa Noël Carroll alishajibu mwaka 1993 kwamba maporomoko ya maji yanaweza kukutikisa bila elimu yoyote, na mtikisiko huo ukawa sahihi kabisa. Tena maarifa ya mvuvi hayakutoka darasani. Mgeni naye hajakosea kuhusu ua. Ua ni zuri kweli. Kosa linaanza anapolisifia ziwa kwa sababu ya ua hilo.

Kinachoninyima usingizi ni sangara. Naye aliletwa, kuanzia miaka ya 1950, akachangia kutoweka kwa aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili. Lakini akitolewa majini, mwili wa fedha, jicho linang'aa dhahabu, sijamsikia mtu mwaloni akimwita mbaya. Nikiyahukumu magugu kwa ugeni wake, lazima nimhukumu na sangara. Nikiyahukumu kwa madhara, sangara ana madhara pia, ila anasomesha watoto. Je, faida inaweza kuingia kwenye hukumu ya uzuri? Carlson hanitoshelezi hapa. Kwa sasa naegemea kusema kwamba sangara ni mzuri, na ziwa lililompoteza furu limepungua uzuri, hata kama juu ya maji hatuoni tofauti yoyote.