Kamati za ushauri si za wasomi peke yao

Wengi huamini kwamba kamati za ushauri za serikali za mitaa ni za wanasheria, wahandisi na wenye majina makubwa. Sivyo. Kwa kawaida kamati hizi hazipitishi sheria. Huchambua mapendekezo, husikiliza wananchi, kisha hulishauri baraza, nalo ndilo huamua. Utaalamu mara nyingi upo tayari, kwa maafisa wanaoandaa michoro na makadirio. Anayekosekana ni mtu anayepita kila siku njia inayochorwa, atakayeona kwamba kivuko kilichochorwa kinamwacha mwenye kiti cha magurudumu mbele ya ngazi. Kweli, baadhi ya bodi hudai taaluma fulani, na tangazo la nafasi husema hivyo. Nyingi hutaka mkazi atakayehudhuria vikao na kusoma makabrasha mapema.