Dozi: neno moja, hesabu mbili

Kwenye maduka ya dawa ya Mbuyuni, Moshi, neno "dozi" lina maana mbili, na muuzaji na mteja wanaweza kupishana hapo bila kujua. Ukiambiwa "usiruke dozi", dozi ni kiasi kinachomezwa kwa mara moja. Ukiambiwa "maliza dozi", ni dawa yote ya tiba, ya siku ya kwanza hadi ya mwisho. (Timu ikifungwa tano na "kupewa dozi", hiyo ni habari nyingine.)

Chukua dawa mseto ya malaria, yaani artemetha na lumefantrini ndani ya kidonge kimoja. Mwenye kilo 35 au zaidi hupewa vidonge 24. Mtaani hiyo ni dozi moja. Kwa mfamasia ni dozi sita za vidonge vinne vinne. Ya kwanza humezwa papo hapo, ya pili zikishapita saa 8, zilizobaki asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Wengi hukosea kwenye ile ya pili: wanaisubirisha hadi zipite saa 12. Vimezwe na maziwa au chakula chenye mafuta, hata mtori wa nyama yenye mafuta unafaa, kwa sababu lumefantrini bila mafuta huingia mwilini kidogo tu. Ukitapika kabla ya nusu saa kuisha, rudia dozi ile, kisha rudi dukani ukafidie vidonge vilivyopungua.

Bahasha ikiandikwa 1x3, tarakimu ya kwanza ni idadi ya vidonge, ya pili ni mara ngapi. Husomwa "kutwa mara tatu", na hilo "kutwa" ndilo linaloponza: mtu anameza asubuhi, mchana na jioni, kisha usiku kucha mwili unakaa bila dawa. Kwa amoksilini maana yake ni kila baada ya saa 8, mathalani saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku.

"Nusu dozi" ni kununua au kumeza sehemu tu ya tiba. Kwenye malaria huanzia siku ya pili, homa ikishashuka. Artemetha hupunguza vimelea haraka lakini nayo hutoka mwilini haraka. Kuwamalizia waliosalia ni kazi ya lumefantrini, na sehemu yake bado imo kwenye vidonge vilivyobaki kabatini. Kifua kikuu cha kawaida dozi yake ni miezi 6: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Kile sugu hutibiwa kwa dawa nyingine kabisa, na hospitali ya Kibong'oto kule Siha ndiyo inayojulikana kwa kazi hiyo.